Ushauri wenu: watoto wanakokotoa wastani vizuri ila hawajui una kazi gani

Mwalimu wa Kando ya Ziwa

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hisabati darasa la sita, shule ya msingi ya serikali, kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria. Watoto 94, ubao mmoja, kipindi dakika 40.

Wiki iliyopita tumemaliza wastani. Nikiandika 4, 7, 9, 12, 8 wanajumlisha, wanagawa kwa tano, wanapata 8, makofi. Nikauliza, haya, hiyo 8 inatuambia nini? Kimya. Mmoja akanyoosha kidole: "Inatuambia tumepata."

Nimecheka, lakini usiku sikulala vizuri. Kitabu kina mkulima aliyevuna magunia kadhaa kwa miaka mitano. Huyo mkulima hana jina, hana kijiji, na watoto wangu ni wa wavuvi. Nataka takwimu za kwao wenyewe. Nilijaribu mara moja tu, nikawaambia kila mtu aandike kwao wanakula milo mingapi kwa siku. Mtoto akaandika 3, jirani yake akasema kwa sauti, "Muongo huyo, kwao wanakula jioni tu." Darasa zima likaangua kicheko. Kipindi kilikufa pale pale, na yule mtoto kesho yake hakuja.

Naombeni mbinu ambazo mmezitumia kweli.

Bwana Chaki

Mwalimu mwenzangu, pole. Ila nikuulize, mada umezimaliza? Mimi nina miaka 22 kwenye chaki. Mtihani unataka mtoto ajumlishe na agawanye, hauulizi wastani una kazi gani. Ukiwatoa nje kuhesabu pikipiki, nusu yao utawakuta mwembeni.

Mama Ndala

Mimi si mwalimu, nauza ndala na viatu vya mitumba kwenye magulio. Lakini hii mada imenigusa, maana wastani ungenifilisi.

Mwanzoni nilikuwa nachukua mzigo kwa kukisia. Nikaanza kuweka daftari. Kila jozi ikitoka nachora kijiti kwenye namba yake, cha tano nakilaza juu ya vile vinne. Jioni naona kwa macho tu kwamba 37 na 42 ndizo zimejaa vijiti. Akina mama 37, wanaume 42. Sasa nikifanya huo wastani wenu napata 39 na kidogo. Nikileta shehena ya 39, nani atavaa? Wa 37 zinampwaya, wa 42 kisigino kiko nje.

Waulize watoto wako swali hilo la ndala. Hakuna atakayekaa kimya.

Mwalimu wa Kando ya Ziwa

Mama, hapo umenifundishia modi, yaani namba inayojirudia kuliko zote, bila kuitaja. Naiba.

Mpwani Kilifi

Salamu kutoka Kilifi, Mwalimu. Nami nafundisha gredi ya sita. Kosa letu walimu ni kuanza na namba. Anza na ubishi. Watoto wakishabishana, namba wataziomba wenyewe.

Mimi huanza na mpira. Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar zilichezwa mechi 64, yakafungwa mabao 172. Gawanya, unapata karibu 2.69 kwa mechi. Kisha nawauliza, ni nani aliyefunga hilo bao la nukta sitini na tisa? Wanacheka, halafu wanaanza kufikiri. Wapo wanaosema hesabu imekosewa. Waache wabishane dakika tano. Mwisho mmoja atasema si mechi yoyote iliyokuwa na mabao hayo, ni kama mabao yote yangegawanywa sawa, kila mechi ipate fungu lake. Huyo amekwisha kuelewa wastani, hata kama hataki kuandika.

Lile la chakula usilirudie. Usiulize kitu kinachomvua mtoto nguo mbele ya wenzake: chakula, viatu, kazi ya baba, choo cha nyumbani. Uliza umbali, mvua, wadogo zake wangapi, magari yanayopita. Ikibidi kuuliza jambo la nyumbani, waandike kwenye vikaratasi bila jina, vikusanywe kwenye kofia.

Karani 2022

Nilikuwa karani wa sensa ya Tanzania, ile ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mwalimu, kama shule yenu mlipewa vishikwambi, huenda hicho ulichonacho ndicho kilichohesabu watu. Waonyeshe watoto. Waambie kilitoka na jibu la watu 61,741,120, na wastani wa kaya moja ukawa watu 4.3. Nukta tatu ya mtu ni ndugu yake lile bao la mwenzetu wa Kilifi.

Lakini kilichonifundisha mimi ni umri. Wazee wengi hawajui mwaka waliozaliwa. Unamuuliza bibi, anakwambia "andika sitini". Mwenzake wa nyumba ya pili, sitini. Wa tatu, sabini. Ghafla kijiji kizima kina watu wa 60 na 70, wa 61 hakuna, wa 67 hakuna. Uhuru tumepata 1961, vita vya Kagera vilikuwa 1978 hadi 1979, kwa hiyo unaanza: bibi, Uhuru ulikukuta unatembea? Wakati wa vita ulikuwa umeshaolewa? Taratibu sitini inageuka 66.

Watume watoto kila mmoja akaulize umri wa wazee wawili. Wachore grafu ya mihimili kwa tarakimu ya mwisho tu, kuanzia 0 hadi 9. Mihimili ya 0 na 5 itasimama kama minara. Hapo unawauliza, kweli watu huku kwetu huzaliwa kwa kuruka miaka mitano mitano?

Afisa Afya wa Kata

Naongeza kidogo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow akaweka alama kwenye ramani kwa kila aliyekufa, nyumba kwa nyumba. Alama zikajazana kuzunguka pampu moja ya maji, Broad Street. Hata kabla ramani haijakamilika, wakubwa walikubali kung'oa mkono wa pampu. Kwa watu wa ziwani habari hii haihitaji maelezo mengi. (Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani walinusurika kwa sababu walikunywa bia. Hilo watoto usiwaambie.)

Na kadi ya kliniki ya mtoto mchanga ina grafu tayari. Usitumie kadi ya mtoto wa mtu, chora ya kubuni ubaoni.

Bwana Chaki

Sawa, hadithi nzuri. Watoto 94 mwalimu atawagawaje?

Mwalimu wa Kando ya Ziwa

Nimerudi na mrejesho. Bwana Chaki, niligawa makundi manane, mengine watoto 11, mengine 12, kila kundi na kiongozi wake. Nilianza na ubishi kama alivyoshauri Mpwani: wanaochelewa ni wa mbali au wa karibu? Kelele hadi mwalimu mkuu akachungulia. Kisha kila mmoja akasema anatembea dakika ngapi kuja shule. Kundi moja lilileta hivi:

5, 8, 10, 10, 10, 12, 15, 15, 20, 25, 90

Jumla 220, wastani 20. Nikauliza, mgeni akija nikimwambia watoto wa kundi hili hutembea dakika 20, nitakuwa nimemwambia kweli? Binti mmoja akahesabu kwa kidole, akasema: "Mwalimu, wanaozidi ishirini ni wawili tu. Huyu wa tisini ametuvuta wote." Tukaifuta 90 kwa majaribio, wastani ukashuka hadi 13. Tukairudisha, tukatafuta namba ya sita, ile ya katikati kabisa. 12. Sekondari wataiita mediani, mimi niliwaambia ni mtoto aliyesimama katikati ya mstari. Wakataka kujua kwa nini kitabu hakikuwaambia mapema.

Kisha ukazuka ugomvi mwingine. Nusu wanataka 90 ifutwe moja kwa moja, "imeharibu hesabu". Wengine wanasema huyo naye ni mwanafunzi, utamfutaje? Kengele ikalia, bado wamesimama.

Karani 2022

Hongera sana. Ila nimeziangalia namba zako kwa jicho la ukarani. Kati ya 11, tisa zinaishia na 0 au 5. Wangapi kwenye lile kundi kwao kuna saa?

Mwalimu wa Kando ya Ziwa

Umenikamata. Leo nimewauliza. Wa 8 na wa 12 kwao kuna saa ya ukutani. Wengine wote wamekisia. Kesho nawatuma wahesabu hatua badala ya dakika, sijui watafika mia tano bila kupotea.

Yule wa 90 nilimwita pembeni, maana nilidhani ametia chumvi. Nikamuuliza ana uhakika? Akasema, "Hiyo ni siku nikikimbia."