Mrejesho: Nilikubali ile kazi ya Geoje

Wakuu, mwaka jana niliomba ushauri: nikubali kazi ya kukagua uchomeleaji kwenye kiwanda cha meli kisiwani Geoje, Korea Kusini, au nibaki zangu Dar? Wengi mlisema nenda. Nina miezi minane sasa, naishi Okpo, hapa hapa Geoje.

Aliyeniambia nitue Busan badala ya Seoul, Mungu ambariki. Tangu daraja la Geoga, linalounganisha Busan na Geoje, lifunguliwe 2010, kuja huku ni basi tu, na kipande cha njia kinapita handakini chini ya bahari. Mara ya kwanza nilishika kiti kama mtoto.

Nyumba ndiyo ilinitoa jasho. Mtindo wa hapa unaitwa wolse: unaweka dhamana nene, kisha kodi kila mwezi. Dalali wa kwanza alitaka nitume dhamana kabla sijaona hata mlango. Nikakumbuka onyo lenu, nikamkwepa. Wa pili alinionyesha kwanza hati ya umiliki, tukahakikisha nyumba haina deni la benki.

Kadi ya mkazi mgeni niliiomba mapema, ndani ya zile siku 90 tangu kuingia nchini.

Samaki wapo tele, ila sembe naisikia kwenye simu tu. Na aliyesema Kiingereza kinatosha, ndugu yangu, ulinipotosha! Kazini siku nzima ni "ppalli ppalli", yaani haraka haraka, na mimi ni mtu wa pwani.

Mama watoto anakuja Aprili. Mwenye uzoefu na shule za huku aniambie.