Chumba cha kulala kinachemka usiku (Tanga): feni ya maji, kiyoyozi au kuna njia nyingine?

Mpangaji_Kange
Habari za jioni wakuu. Nimehamia Tanga kikazi, nimepanga huku Kange. Nyumba ni ya kisasa, bati la rangi ya damu ya mzee, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi. Shida ni chumba cha kulala. Tangu kaskazi ianze, huu upepo wa msimu wa joto utokao kaskazini, saa nne usiku nje kumeshapoa, ukiingia ndani unapigwa na joto usoni. Mtoto ana miezi saba, harara zimemjaa shingoni na mgongoni.

Chumba ni kama mita tatu na nusu kwa tatu na nusu. Ukuta mmoja unatazama magharibi, dirisha liko kusini. Pangaboi lipo ila linatuzungushia joto lile lile. Mkononi nina laki nne. Dukani wananishawishi feni ya maji, eti haili umeme. Jirani ananiambia nijikusanye nichukue kiyoyozi. Mwenye nyumba ni mzee muungwana, ukimwendea vizuri anasikia, ila mfukoni hagusi. Nawasilisha.

Shemeji_Pongwe
Karibu Tanga mkuu, waja leo waondoka leo, ingawa kwa joto hili wengine wanatamani wangeondoka jana. Mimi kaskazi yote natandika jamvi barazani.

BintiSahare
Shemeji, mtoto wa miezi saba alale barazani na mbu hawa? Hebu tuwe siriasi.

Mleta mada, hiyo feni ya maji achana nayo. Inapoza kwa kukausha maji hewani, na hewa ya Tanga imeshashiba unyevu. Maji hayakauki vizuri, joto halishuki la maana, unachopata ni shuka mbichi na ukungu nyuma ya kabati.

Mgogo_Halisi
Nathibitisha. Ninayo hapa Dodoma na naipenda sana, kwa sababu hewa yetu ni kavu. Nilimpelekea mama mkwe moja Pangani, sasa hivi anawekea vyombo juu yake.

FundiKenchi
Mkuu, kabla hujanunua kitu chochote fanya jambo moja. Saa tatu usiku panda kwenye kiti, weka kiganja kwenye dari. Halafu shika ukuta wa magharibi. Njoo utuambie kipi kina moto zaidi.

Mpangaji_Kange
Nimerudi. Ukuta una uvuguvugu. Dari ni moto, mke wangu kashika akasema hapa tungekausha dagaa.

FundiKenchi
Basi ugonjwa wako uko juu, kati ya bati na jipsamu. Bati la rangi nzito linameza jua kutwa. Ile hewa ya darini inapata moto, na kama fundi aliziba kila mahali ili pavutie, haina pa kutokea. Jua likizama, jipsamu inaendelea kukushushia joto kichwani, na pangaboi linalichukua na kulileta kitandani. Na bado hujaona: Tanga jua linapita utosini mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Miezi hiyo paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote.

Muombe mzee ruhusa ya kutoboa matundu mawili ya hewa, pande mbili zinazotazamana chini ya paa, moja lipokee upepo wa kaskazi na la pili litoe. Weka vipande vya kuzuia mvua na wavu mgumu kwa ndani. Wavu usiusahau, popo wa Tanga hawasubiri mwaliko, na wakishaingia darini kwa harufu yao utaomba hili joto lirudi.

Ukimaliza matundu, nunua foili ya kuezekea, ile ya kung'aa, ipigiliwe upande wa chini wa kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, juu ya chumba hicho. Usiilaze juu ya jipsamu, vumbi litaifunika na kung'aa kwote kutakwisha. Acha nafasi kati yake na bati. Na ukipanda huko, zima meinswichi kwanza! Foili inapitisha umeme, na nyaya za darini nyingi zina viungo vilivyofungwa na utepe tu.

Kaka_wa_Usagara
Apake chokaa juu ya bati, rahisi na inang'aa.

FundiKenchi
Chokaa hapana. Ikilowa inakula ile zinki ya bati, na mvua za masika zitamwoshea iliyobaki. Kama ni kupaka, ipo rangi nyeupe maalumu ya bati. Lakini kipande cheupe katikati ya damu ya mzee, sidhani kama mzee atakuelewa, labda chumba kiwe upande wa nyuma.

Luku_Imekata
Hesabu za umeme hizi hapa. Kwa tarifu (kundi la bei ya umeme) ya kawaida unit moja ni kama shilingi 357, yaani elfu kumi inakupa units 28 kabla ya kodi ya jengo. Pangaboi la wati 75 likizunguka saa kumi halifikishi unit moja. Kiyoyozi cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) chenye inveta, yaani kinachojipunguza chenyewe chumba kikipoa, ambacho kwa chumba chako kinatosha, weka units 3 mpaka 5 kwa usiku. Na kama mita yako iko kwenye tarifu ndogo, ile ya units zisizozidi 75 kwa mwezi ambayo unit ni shilingi 122, kiyoyozi kitakutoa huko mapema sana. Ukikiwasha chini ya dari la moto ndiyo kabisa, hakipumziki.

Sikatazi kiyoyozi, ninacho. Ila madirisha ya kuslaidi yanavuja hewa, ziba mianya yake kwanza. Na ukikaa karibu na bahari, kile kifaa cha nje kioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara, chumvi inakitafuna.

NesiMakorora
Kuhusu mtoto: mwogeshe maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kugusagusa, mvalishe pamba nyepesi au abaki na nepi tu. Usimpake mafuta mazito juu ya harara, yanaziba jasho. Zikitoa usaha au akipata homa, mpeleke kituo cha afya. Na chandarua msikitoe kwa sababu ya joto, tafuteni cha pembe nne kilichokaa mbali na godoro, kinapitisha upepo kuliko cha duara.

BintiSahare
Nyongeza: dirisha la kuslaidi linafunguka nusu tu, na lako liko kusini, kaskazi hailioni. Jua likishazama fungua mlango wa chumba na dirisha la upande wa pili wa nyumba, weka feni ya kusimama dirishani kwako ikitazama NJE. Inafukuza hewa ya moto, hewa ya ukumbini inaingia. Mchana pazia zito lifungwe, Januari jua liko upande huo huo wa kusini.

Na pangaboi kama linazunguka kivivu hata kwenye namba tano, badilisha kapasita. Ni kidude kidogo tu cha umeme ndani yake, bei ya chai na chapati.

Mpangaji_Kange
Nimeongea na mzee. Matundu kakubali, foili kakubali, rangi nyeupe kaniuliza kama naumwa. Kapasita fundi kabadilisha jana, tofauti ipo. FundiKenchi, hayo matundu niyapige saizi gani?

FundiKenchi
Tofali moja moja la inchi sita likitolewa pande zote mbili ni mwanzo mzuri, mawili kila upande bora zaidi. Yaanze ya upande wa baharini. Na fundi apande asubuhi, ikipita saa nne huko darini hapakaliki.