Mjadala: Safari ndefu za baiskeli, vituo vya maji vitoe dumu la sukari na chumvi au vinywaji vya kiwandani tu?

Mleta hoja
Wakuu, kila ikipangwa safari ya wazi ya kilomita mia na ushee, mfano Dar–Bagamoyo kwenda na kurudi, waandaaji wanavutana kuhusu kituo cha maji. Kuna wanaotaka vinywaji vilivyofungwa kiwandani tu, basi. Kuna wanaosema dumu la lita 20 lenye sukari na chumvi linafanya kazi ileile na ada ya kushiriki inashuka.

Mimi niko na dumu, sharti lipimwe kwa mizani. Lita 20 zinataka sukari 1,200 g na chumvi 40 g. Hapo una sukari asilimia 6 na sodiamu ya chumvi hiyo karibu 790 mg kwa lita, kiasi kinachozidi vinywaji vingi vya michezo vya dukani. Kilo moja ya sukari ina wanga sawa na geli 40 (vipakiti vya wanga vya wanamichezo) zenye wanga gramu 25 kila moja, na geli moja ya kuagizwa nje mara nyingi ina bei kuliko hiyo kilo nzima. Anayepinga alete hoja.

Kibuyu
Napinga. Sukari haina kosa, dumu ndilo tatizo. Mwaga kilo na robo ya sukari kwenye maji baridi, tikisa mara mbili, na sehemu kubwa italala chini. Bomba la dumu liko chini pia. Kwa hiyo wanaofika mwanzo wanakunywa sharubati, wa mwisho wanapata maji yenye utamu wa mbali. Na wanaofika mwanzo ndio wanaosukuma kwa nguvu: damu imekwenda miguuni, tumbo limebaki na kidogo. Ukiwapa kinywaji kilichozidi asilimia 10, kinachelewa kutoka tumboni na utumbo unavuta maji ya mwili ili kukizimua. Matokeo ni kichefuchefu na tumbo kukata kilomita ishirini mbele, halafu lawama anabebeshwa aliyeuza ndizi.

Bado hatujagusa usafi. Nani ameosha dumu? Lilibeba nini wiki iliyopita? Maji yamechemshwa? Barafu imetoka wapi? Eneo hili kipindupindu si hadithi. Kinywaji cha kiwandani kina kifuniko, na mkikosana na tumbo mnajua mnamuuliza nani.

Mnyororo
Kibuyu, hilo la sukari kulala ni kweli, lakini dawa yake ni ya dakika kumi. Chemsha lita 2 za maji, zima moto, yeyusha humo sukari yote na chumvi yote hadi maji yawe maangavu. Mimina kwenye dumu, kisha ongeza maji safi hadi alama ya lita 20. Usianze na lita 20 kamili halafu ukaongeza sukari: 1,200 g zinachukua nafasi ya karibu robo tatu ya lita, dumu litafurika au utapunguza maji bila kujua. Ukishayeyusha hivyo na kutikisa, haitulii tena chini.

Ndimu ikamuliwe kwenye chupa ya mtu, isiingie dumuni. Pasheni, embe na ukwaju usiweke kabisa. Juisi mbichi kwenye joto la pwani inaanza kuchacha ndani ya saa chache, na gesi yake unaimalizia tumboni.

Limuru Juu
Hapa mnajadili kana kwamba kila mtu anaendesha Dar. Asubuhi ya Limuru, huku milimani Kenya, ni baridi, mtu anatoka jasho kidogo na anakunywa labda nusu lita kwa saa. Kwa asilimia 6 atapata gramu 30 za wanga, na safari ya saa tano inataka walau 60 kwa saa. Atazima kabla ya kupanda kurudi. Dar ni kinyume: anakunywa lita moja kwa saa, asilimia 6 inampa 60 na yuko sawa. Kwa hiyo dumu moja la kipimo kimoja haliwezi kuwa kanuni ya kila mahali. Huku juu nenda asilimia 8 na uongezee chakula kidogo, au acha kinywaji kiwe chepesi na nguvu itoke kwenye chakula: ndizi mbivu ya wastani ina wanga karibu gramu 27.

Kwa wanaokimbizana kwelikweli kuna hesabu nyingine. Glukosi peke yake utumbo unaipitisha hadi takriban gramu 60 kwa saa, kwa sababu mlango wake unajaa. Fruktosi ina mlango wake. Sukari ya mezani ni nusu kwa nusu, ndiyo maana haistahili dharau inayopewa. Ukitaka gramu 90 kwa saa, changanya sukari 60 g na unga wa glukosi wa dukani 30 g: unapata glukosi 60 na fruktosi 30, uwiano wa mbili kwa moja. Lakini hiyo kwenye chupa ya ml 750 ni asilimia 12, haiendi bila chupa ya pili ya maji matupu, na tumbo lizoeshwe kwa wiki kadhaa za mazoezi. Wanaonunua boksi la glukosi na kutia gramu 90 za hiyo tu wanajitafutia kuhara.

Dafu la Tanga
Wakuu, mbona mnapita madafu kama hayapo? Ukanda wote wa Tanga hadi Mombasa yako barabarani, na maji yake ni salama hadi panga linapoyafungua. Hakuna dumu, hakuna kuchanganya.

Limuru Juu
Yako kinyume na jasho, ndugu yangu. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Jasho linatoa sodiamu kwa wingi, potasiamu kidogo sana. Wanga wake nao ni kama asilimia 4. Ni kinywaji kizuri cha kituo cha mwisho, ukitia chumvi kama gramu moja kwa nusu lita. Kulitegemea kwa saa tano ni kuendesha kwa njaa. Na hilo panga lifutwe kwa kitu kingine, si suruali.

Kibuyu
Basi kama mnang'ang'ania vya kuchanganya, tumieni ORS, zile pakiti za kurudisha maji mwilini. Ziko kila duka la dawa, zimepimwa, zimefungwa.

Mnyororo
ORS imetengenezwa kwa anayehara. Pakiti ya lita moja ya fomula ya Shirika la Afya Duniani ya 2002 ina glukosi 13.5 g na chumvi 2.6 g, pamoja na kloridi ya potasiamu na sitreti. Sodiamu imo ya kutosha, mafuta ya kuendeshea, yaani wanga, hayatoshi. Ukiwapa watu ORS lazima uwape na chakula kila nusu saa, na hapo gharama imerudi palepale.

Mizani
Nimesoma yote na bado sijaona aliyetaja kijiko. Ajali za kinywaji cha nyumbani huanzia hapo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba chumvi karibu gramu 6. Kiweke chote kwenye chupa ya ml 750 na chupa hiyo ina sodiamu milimoli 137 kwa lita, yaani chumvi ya damu yenyewe. Kikiwa na kilima juu, umeipita damu, na mtu anatapika. Chupa hiyo inataka gramu 1.5, robo ya kijiko. Kwa kipimo kidogo namna hii mizani ya jikoni ya gramu mojamoja haisomi vizuri. Pima chumvi 15 g na sukari 450 g, changanya, gawa mafungu kumi ya gramu 46.5.

La pili, msiuze chumvi kama kinga ya sodiamu kushuka kwenye damu. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini, na dalili kubwa ilikuwa kuongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kuliko walivyopoteza. Baiskeli inarahisisha kosa hilo, chupa iko magotini muda wote. Jipime kabla na baada ya saa moja ya kuendesha, bila nguo zenye jasho: kilo iliyopungua, ukijumlisha ulichokunywa, ni lita za jasho ulizotoka. Lenga chini kidogo ya hapo. Anayerudi mzito kuliko alivyoondoka amezidisha, hata kama alikunywa kinywaji cha kiwandani.

Mleta hoja
Kwa hoja ya Kibuyu ya usafi na ya Limuru Juu ya kipimo, nabadilisha pendekezo: kituo kitoe maji yaliyofungwa, na mafungu makavu ya Mizani yatolewe wakati wa kujiandikisha. Kila mtu achanganye mwenyewe, fungu moja pwani, moja na theluthi kwenye baridi.

Mizani
Theluthi hiyo iwe ya sukari tu, gramu 15. Ukiongeza fungu lenye chumvi, umeongeza chumvi kwa mtu anayetoka jasho kidogo.

Kibuyu
Hapo napunguza ukali, siuachi. Mafungu mtafunga kwa nini? Mifuko ya plastiki Kenya imekatazwa tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na karatasi pwani inanyonya unyevu, asubuhi una jiwe. Pia mwenye kisukari au presha akichukua fungu asilojua limewekwa nini, nani anajibu?

Mnyororo
Fungu liandikwe gramu za sukari na chumvi kwa wino usiofutika, lifungwe usiku wa kuamkia safari, karatasi ya khaki mara mbili. Au mtu alete chupa yake kavu, imwagiwe unga hapohapo kwenye meza ya kujiandikisha. Chupa yenyewe ikaguliwe mdomo: ile kamasi nyeusi ndani ya nipeli imewahi kuhukumiwa kwa jina la sukari mara nyingi mno.

Kibuyu
Kubali kukagua chupa, na meza moja ya vinywaji vya kiwandani ibaki kwa anayetaka kulipia. Bila hivyo kura yangu haibadiliki.