Mpigaji wangu wa penalti amejulikana upande wake: abadilishe au aendelee?

Kocha wa Nyalenda (Kisumu):
Ninafunza timu ya vijana hapa mtaani. Mpigaji wetu hutumia mguu wa kulia, na tangu msimu uanze amekuwa akiupeleka mpira chini, kulia kwa kipa. Mikwaju miwili ya mwisho imedakwa, kwani makipa wa mitaa jirani sasa huruka huko hata kabla hajaugusa mpira. Je, nimhamishie upande wa pili, au nimfundishe kumsubiri kipa aruke kwanza?

Mwalimu wa Hesabu (Nakuru):
Kocha, ukimhamisha moja kwa moja utakuwa umemhamisha na kipa, na baada ya mechi chache utarudi hapa na swali lile lile. Kinachomponza ni kujulikana. Anapaswa kuchanganya pande kwa kiasi ambacho kipa hatapata faida kwa kuupendelea wowote. Mwanauchumi Ignacio Palacios-Huerta alichunguza penalti zaidi ya 1,400 za wachezaji wa kulipwa, akaona kwamba nafasi ya kufunga ilikaribiana pande zote, takriban asilimia 80, na kwamba mkwaju uliopita haukusaidia kuubashiri unaofuata.

Hiyo haimaanishi nusu kwa nusu, kwa sababu upande alio hodari atautumia mara nyingi zaidi. Ugumu ni kwamba binadamu akiambiwa abahatishe huanza kupokezana, kulia, kushoto, kulia, na kipa makini atamsoma. Kabla ya mechi atazame mshale wa sekunde kwenye saa: ukiwa chini ya 35, siku hiyo apige upande wake wa kawaida, ukizidi hapo, upande wa pili. Asimwambie mtu, hata wewe.

Kipa Mstaafu (Kakamega):
Mwalimu amesema kweli, ila ameisahau katikati. Mkwaju mkali kutoka mita 11 hufika langoni kwa takriban nusu sekunde, kwa hiyo kipa anayesubiri kuuona mpira ameshachelewa. Katika utafiti wa penalti 286 uliochapishwa mwaka 2007 na Michael Bar-Eli na wenzake, makipa walibaki katikati kwa asilimia 6.3 tu ya mikwaju, ilhali karibu asilimia 29 ilielekezwa huko. Nitakiri jambo: ni aibu inayoturusha. Ukifungwa umesimama, mashabiki hukuita mzembe. Ukiruka upande usio, husema umejitahidi. Antonín Panenka wa Chekoslovakia aliutumia udhaifu huo katika fainali ya Ulaya, Belgrade mwaka 1976, akaudokoa mpira katikati, yaani akauchota polepole uelee juu, huku kipa wa Ujerumani Magharibi, Sepp Maier, ameshajitupa, na Achraf Hakimi wa Moroko akafanya vivyo hivyo dhidi ya Uhispania kwenye Kombe la Dunia mwaka 2022.

Kuhusu kumsubiri kipa, simshauri kijana. Anayesubiri hulazimika kupunguza mwendo na nguvu, na akikutana na kipa mtulivu asiyetikisika, hujikuta amefika kwenye mpira bila uamuzi wowote.

Kocha wa Nyalenda (Kisumu):
Ahsanteni, wazee wangu. Saa nitaijaribu mazoezini Jumamosi. Kudokoa ndiko ninakokuhofia, maana alama yetu ya penalti ni shimo lenye vumbi.

Kipa Mstaafu (Kakamega):
Basi asidokoe. Aupige kwa nguvu katikati, usawa wa kifua, kwa sababu mpira wa chini hugonga miguu ya kipa aliyekwisha kuruka. Na hilo shimo lijazeni udongo kabla ya Jumamosi.