Mlima wa bluu kwa rangi za maji: madoa na mistari migumu

MchoraNgong: Wadau, najaribu kuchora vilima vya Ngong viwe bluu ya mbali kama mchoraji Mwingereza Turner alivyouchora mlima Rigi wa Uswisi kwenye The Blue Rigi (1842). Mpako (tabaka la rangi yenye maji) wa mlima unakauka na mistari katikati, na madoa yaliyochanuka kama koliflawa. Karatasi ni ya gramu 200 kwa mita ya mraba, haikutengenezwa kwa pamba. Tatizo ni maji au karatasi?

MaweNaMaji: Yote mawili, ila kubwa ni kasi ya kukauka. Januari na Februari hewa ya Nairobi ni kavu: ukisita kidogo ukingo umekauka, na mstari unabaki pale pale. Doa ni kinyume chake. Umerudi na brashi yenye maji mengi kuliko yaliyobaki kwenye karatasi, yakasukuma chembe za rangi pembeni.

Koroga rangi ya kutosha mlima mzima kabla hujaanza. Inua ubao upande wa juu kwa kitabu kinene. Anzia kileleni na uache tone refu lining'inie ukingo wa chini. Kila mpigo uguse tone hilo tu, usirudi juu. Ukifika chini, kausha brashi kwa kitambaa ufyonze tone lililobaki, la sivyo litapanda na kutoa koliflawa ileile.

Karatasi, nunua pamba tupu ya gramu 300. Hiyo yako inajikunja na rangi inatuama mabondeni.

Kijivu_Baridi: Mimi nasema Turner si wa kuanza naye. Kwenye Rigi amerundika mipako myembamba, kisha mipigo midogo ya ncha ya brashi. Anza na milima ya Alps ya Francis Towne, mchoraji mwingine Mwingereza, 1781: mistari ya kalamu, halafu mpako bapa kwa kila uso wa mlima. Kosa linaonekana papo hapo. Wino uwe usioyeyuka kwa maji.

MchoraNgong: Shukran. Na anga ya njano ya alfajiri? Nikipitisha bluu, mlima unakuwa kijani.

MaweNaMaji: Rangi hizi hupitisha mwanga, kwa hiyo njano ya chini inaonekana. Ififishe kwa maji safi mara tu ukivuka mstari wa kilele. Gusa kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, haijakauka. Ikikauka kabisa, ndipo uweke bluu ya kobalti yenye waridi kidogo sana. Kilele kibaki kikali, chini ulainishe kwa brashi yenye unyevu rangi ikiwa bado inang'aa. Ukungu unatoka hapo.

Mwangaza kwangua kwa wembe karatasi ikikauka. Turner naye alikwangua. Ila kwa hiyo ya gramu 200, utaitoboa.