Kanilia laki nne, akaniletea picha ya babu wa watu

Wakuu, nina wiki mbili silali vizuri, leo nasema.

Baba yake babu yangu alikuwa baharia, mchochea makaa kwenye meli ya moshi ya Waingereza, zama za vita ya kwanza. Mtu wa Makunduchi, Unguja. Tulichobaki nacho ni jina lake, la baba yake na la babu yake, basi.

Kuna jamaa anajitangaza mtandaoni kuwa anatafuta nasaba za mabaharia. Nikamlipa laki nne. Miezi mitano ya "nivumilie ndugu yangu", kisha akaniletea nakala ya kadi ya baharia ya 1918–1921, zile zenye picha. Nikampelekea shangazi. Akavaa miwani, akaipapasa ile picha kwa kidole gumba, akasema, "Kumbe ana paji la uso la marehemu baba." Akalia. Jioni ile ile ikatiwa fremu.

Usiku ndiyo nikaisoma kadi yenyewe. Mahali alipozaliwa: Massawa. Massawa iko Eritrea!

Nikampigia yule jamaa. Unajua alichonijibu? "Jina si limefanana?" Alichukua jina la baba akalifanya la ukoo, kama la Mzungu, akatafuta, la kwanza lililotokea akanibandika nalo. Sisi pwani hatuna jina la ukoo la namna hiyo! Juma bin Ali mwanawe ni fulani bin Juma. Na karani wa meli aliandika alivyosikia, kwa hiyo jina peke yake halikufikishi popote. Unatazama umri, alikozaliwa, meli aliyotoka kabla. Mtu anayekula pesa za watu kwa kazi hii hajui hata hilo?

Kinachoniuma zaidi, orodha za mabaharia wa meli za biashara za Uingereza za 1915 ziko mtandaoni, bure kabisa, na zina umri, mahali pa kuzaliwa na meli iliyotangulia. Kadi zenyewe zimehifadhiwa Southampton. Orodha nyingi za kuanzia 1863 ziko St. John's, Newfoundland, huko Kanada. Haya nimeyajua kwa kukesha mwenyewe siku tatu na bando la elfu tano. Yeye hakunitajia hata moja, maana ningeyajua nisingemlipa.

Nimemdai pesa, kaniblok.

Kama kuna mwingine humu kaletewa "babu" wa aina hii, aje aseme, tujue tuko wangapi kabla hatujaenda polisi. Na kama una mzee wako aliyepanda meli, usitoe hata shilingi kabla hujaulizwa alizaliwa wapi.

Picha bado iko ukutani sebuleni kwa shangazi. Kila mgeni anaonyeshwa. Mimi ndiye nitakayemwambia, na mpaka sasa mdomo haujafunguka.