Re: Huyu seneta wa Lubbock, Charles Perry, ni nani na sheria zake zinatugusaje sisi?

Kutoka: Mgeni Lubbock

Hamjambo ndugu zangu. Nimehamia huku Lubbock na familia kwa kazi ya hospitali, na kila ninayekutana naye ananitajia seneta wa jimbo anaitwa Charles Perry. Mmoja ananiambia ndo kaleta sheria ya kukamata wahamiaji, mwingine anasema huyo ni wa mambo ya maji, mwingine eti ndo anataka kufunga yale maduka ya bangi. Ni mtu mmoja au wako watatu? Sie tuna grini kadi, mama mkwe kaja kututembelea na viza, na shemeji kanifowadia ujumbe WhatsApp unasema chini ya sheria inaitwa SB 4 (muswada wa Seneti namba 4) polisi wa Texas wanakamata mgeni yeyote na kumpeleka Mexico. Mama hata kanisani hataki kutoka. Anayejua vizuri naomba anieleweshe.

---

Kutoka: Mkazi wa zamani, Lubbock

Karibu sana dada, na pole kwa mama. Ni mtu mmoja huyo huyo, na yote uliyoambiwa ni kweli, ila ule ujumbe wa shemeji umechanganya mambo, nitaufikia.

Perry ni Mrepublican wa mrengo wa kihafidhina kabisa, na hafichi, imani yake ya Kikristo anaizungumza waziwazi bungeni. Kwa taaluma ni mhasibu mwenye leseni ya CPA, kasoma hapo hapo Texas Tech. Usishangae seneta kuwa mhasibu, Bunge la Texas linamlipa mjumbe dola 600 tu kwa mwezi pamoja na posho za vikao, na linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili, 2023, 2025, 2027 hivyo, labda gavana aite kikao maalum, kwa hio wengi wao wana shughuli nyingine za kuwaingizia riziki.

Alivyoingia sasa, hapa naomba wote mnaoishi Texas msome pole pole. Mwaka 2010, wakati wa lile wimbi la Tea Party, vuguvugu la wahafidhina, aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas akamtoa Delwin Jones, Mrepublican mwenzake na mkongwe wa bunge, kwenye marudio ya mchujo wa chama, yaani kura ya kuchagua mgombea wa chama. Halafu 2014 seneta Robert Duncan akaacha kiti kwenda kuongoza mfumo wa vyuo vya Texas Tech, ukaitishwa uchaguzi mdogo mwezi wa 9, Perry akapita raundi ya kwanza tu, akamwacha nyuma Jodey Arrington ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Kongresi kule Washington. Mmeona hapo? Mara zote mbili kiti hakikuamuliwa Novemba. Kiliamuliwa kwenye mchujo na kwenye uchaguzi mdogo, siku ambazo watu wengi wako kazini na wala hawana habari kuna kura. Watu wetu wakishaapa uraia wanajipanga foleni kupiga kura ya rais kila baada ya miaka minne, wakirudi nyumbani wamemaliza, na huku eneo kama letu Mrepublican akishashinda mchujo kwa kweli kazi imekwisha. Texas huandikishwi kwa chama, raia yeyote aliyejiandikisha anachagua siku ile ile apige mchujo wa chama gani. Inaniuma tunavyoliacha hili, maana seneta mmoja wa Texas anawakilisha watu zaidi ya laki tisa na wako 31 tu jimbo zima.

Kuhusu SB 4. Namba za miswada Texas zinaanza upya kila kikao, kwa hio SB 4 ziko nyingi na hapo ndo watu wanapotea. Ya 2017 ni ya Perry, inakataza miji na kaunti kuwazuia polisi wao kushirikiana na uhamiaji, sherifu akikaidi anaweza kushtakiwa na kaunti kutozwa mpaka dola 25,500 kwa siku. Hio inafanya kazi, mahakama ya rufaa iliipitisha karibu yote 2018. Chini yake polisi akikusimamisha kwa kosa anaweza kuuliza hali yako ya uhamiaji, ila kama wewe ndo umeibiwa au ni shahidi haruhusiwi kukuuliza mpaka iwe lazima kwa upelelezi. Hili waambieni kina mama wanaoogopa kuripoti wanapopigwa.

2023 zikaja mbili, mwaka mmoja huo huo! Moja ya seneta mwingine, ya kuongeza kifungo kwa wanaosafirisha watu kwa magendo, kuanzia miaka 10. Ya pili ndo ya Perry, inayofanya kuingia Texas kutoka nchi nyingine bila kupitia kituo rasmi kuwa kosa la jimbo, mpaka siku 180 jela kwa mara ya kwanza, na jaji anaweza kuamuru mtu arudi Mexico. Jaji wa shirikisho David Ezra aliisimamisha Februari 2024, tarehe 19 Machi Mahakama Kuu ya Marekani ikaruhusu ianze, usiku ule ule mahakama ya rufaa ikaizuia tena, na kesi ikaendelea kuvutana. Hali yake ya leo muulizeni wakili, msiulize WhatsApp. Halafu 2025 ikaja SB 4 nyingine kabisa, ya msamaha wa kodi ya nyumba unayoishi, ambayo kila mwenye nyumba humu anaitaka. Sasa mtu akikuandikia SB 4 imepita, muulize ya mwaka gani.

Kwa mama mkwe: kosa la kwenye ile sheria ni kuvuka mpaka pasipo kituo. Yeye kashuka uwanja wa ndege, kagongewa muhuri, sheria ile haimhusu. Nyie wenye grini kadi na ndugu zetu Wakongomani walioletwa kama wakimbizi kwa ndege, vile vile. Na hata kwa wale inaowahusu, hairuhusu kukamatwa shuleni, kanisani wala msikitini, wala hospitali mtu anapotibiwa. Mpeleke mama kanisani.

Maji ni kweli, na hapa nampa haki yake. Huku tunakunywa na kumwagilia pamba kwa maji ya chini ya ardhi ya Ogallala ambayo yanashuka mwaka hadi mwaka, na Perry amekuwa kinara wa hilo kwenye kamati ya maji na kilimo. Novemba 2025 wapiga kura walikubali dola bilioni 1 kila mwaka kwa miaka 20 kuanzia 2027 iende kwenye miradi ya maji, hio kazi ina mkono wake. Bangi nayo, muswada wake SB 3 wa 2025 wa kupiga marufuku bidhaa za madukani zenye THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, ulipita bunge zima, gavana Abbott akaukataa mwezi wa 6. Hata hivyo wenye grini kadi kaeni mbali na hayo maduka, bangi kwa sheria ya shirikisho bado ni haramu na inaweza kukuharibia uraia.

---

Kutoka: Dereva, Fort Worth

Kaka nakuheshimu ila unampa sifa mtu ambaye karibu muongo mzima anatunga sheria za kutufukuza. Hayo maji yatanisaidia nini nikiwa ndani? Mimi nimesimamishwa barabarani na kuulizwa karatasi mbele ya wanangu.

---

Kutoka: Mkazi wa zamani, Lubbock

Pole sana ndugu yangu, kwa kweli pole, hasa kwa watoto. Simpigii kampeni, SB 4 zake zote mbili nazipinga, polisi wa mtaa akifanywa afisa uhamiaji watu wetu wanaacha kuita msaada, na nilimwambia msaidizi wake hivyo hivyo kwa simu. Ninachosema ni kwamba ukipiga simu ofisi ya seneta ukamwita mbaya hawana cha kuandika. Ukisema naishi wilaya yako, nakaa mtaa fulani, muswada fulani kifungu hiki kitanifanyia hivi, hapo wanaandika. Na sio lazima uwe raia kupiga simu au kutoa ushahidi kwenye kamati. Kwa Seneti inabidi uende Austin mwenyewe, Baraza la Wawakilishi wanapokea maoni kwa mtandao.

Na kwenu madereva kuna lingine kubwa kuliko hizo, SB 8 ya 2025, sio ya Perry, inawataka masherifu wenye jela wasaini makubaliano na ICE, idara ya shirikisho inayokamata na kufukuza wahamiaji. Maana yake kosa dogo likikufikisha jela ya kaunti, utakaguliwa humo humo. Leseni, bima, taa za nyuma, faini za tiketi, hakikisheni viko sawa kabla hamjawasha gari.

Jambo moja naliomba kwa nguvu: mwenye grini kadi asijiandikishe kupiga kura, hata karani wa leseni akikuuliza na ukaona ni fomu ya kawaida, weka HAPANA. Watu wamefukuzwa nchi kwa tiki moja. Mlioapa, jiandikisheni siku 30 kabla ya kura na mkaulize mchujo ni lini.

---

Kutoka: Mgeni Lubbock

Ahsante sana, nimemsomea mama yote mpaka mwisho. Anauliza viza yake ya miaka miwili ina maana anaweza kukaa miaka miwili?

---

Kutoka: Mkazi wa zamani, Lubbock

Hapana, mwambie shikamoo na asidanganyike na tarehe ya viza, ile ni ya kuingilia tu. Siku za kukaa ziko kwenye I-94, ile rekodi ya kuingia nchini, mara nyingi ni miezi sita, unaitoa bure kwenye tovuti ya CBP, idara ya forodha na mipaka, kwa namba ya pasipoti. Akitaka kuongeza mnapeleka fomu I-539 kabla tarehe haijafika, sio baada. Itoeni leo, na usiibandike humu kwenye listi, nipigie tu.